Nitafiti nini kwenye usalama wa data nikiwa Dodoma na laptopu moja?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Afisa TEHAMA katika halmashauri moja hapa mkoani Dodoma, na jioni nasoma shahada ya uzamili. Msimamizi wangu anataka nilete mada ya tasnifu inayogusa kriptografia, usalama wa mitandao au faragha ya data. Orodha za maeneo ya utafiti nimezisoma nyingi na zote zinafanana: kwantamu, blokcheini, akili unde. Wenzangu darasani wengi wameshachukua blokcheini. Mimi sina maabara. Nina laptopu yenye RAM ya GB 8 na bando la mwezi. Ni mambo gani hasa yanayotafitiwa sasa, na ni lipi naweza kulimaliza nikiwa hapa hapa bila kudanganya? – Msomaji, Ng'hong'hona, Dodoma.

JIBU: Marahaba, binti. Hayo maneno yako ya mwisho, "bila kudanganya", ndiyo yamenifanya nikujibu kwa kirefu. Wanafunzi wengi wa fani hii hawaanzi na nia ya kudanganya. Wanachagua tatizo wasiloweza kuligusa kwa mkono, muda unawaishia, na mwishowe wanapika data.

Wiki chache zilizopita nilikuwa kwenye foleni ya wakala wa pesa jirani na soko la Majengo. Mbele yangu walikuwepo watu wanne. Daftari la miamala lilikuwa wazi juu ya kaunta, kalamu imefungwa kwa uzi isiibiwe. Jina, namba ya simu, kiasi, saini. Mpaka zamu yangu inafika nilishajua kwamba mama aliyenitangulia ametoa laki mbili na elfu arobaini, na namba yake ningeweza kuikariri kama ningetaka. Kati ya simu yake na mnara wa kampuni, usimbaji fiche ulifanya kazi yake. Siri ilivujia kwenye daftari, na kilicholindwa vizuri kuliko vyote pale kaunta kilikuwa kalamu.

Paa la bati likivuja, fundi hapotezi muda kukagua katikati ya bati. Anapanda kuangalia misumari na maungio. Ukiziondolea orodha zako majina makubwa, karibu utafiti wote wa sasa uko hapo: hesabu za msingi ni nzima, shida ipo pale zinapopigiliwa kwenye kifaa, kwenye mtandao, kwenye ofisi na kwa mtu. Nitakuonyesha misumari michache niliyoishika mwenyewe, uone upi unaufikia.

Wa kwanza unaweza kuujaribu leo usiku kwa kalamu. Ufunguo wa umma wa RSA, mfumo uliobuniwa mwaka 1977, kwa sehemu kubwa ni namba moja ndefu iliyopatikana kwa kuzidisha namba tasa mbili za siri. Atakayezijua hizo mbili amekushika. Kuzitafuta kwa nguvu si mchezo: mwaka 2020 watafiti walifanikiwa kuichanganua namba ya tarakimu 250, na kazi ile ilikula muda sawa na kiini kimoja cha prosesa kutumika miaka 2,700 hivi. Funguo za kawaida za leo zina tarakimu 617. Hapo bati ni zima.

Sasa tuseme ruta mbili za bei nafuu zimewashwa kwa mara ya kwanza. Kila moja inatengeneza ufunguo wake dakika hiyohiyo, kabla haijakusanya ubahatishaji wa kutosha, yaani namba zisizotabirika, na zote zinaangukia namba tasa moja ileile. Ufunguo wa kwanza ni 11,413, wa pili ni 12,827. Usihangaike kuzichanganua moja moja. Tafuta KKS, Kigawo Kikubwa cha Shirika, ile tuliyochapiwa viboko shule ya msingi. Toa 11,413 kwenye 12,827, inabaki 1,414. Gawa 11,413 kwa 1,414: inaingia mara 8, inabaki 101. Gawa 1,414 kwa 101: mara 14 kamili, hakuna baki. KKS ni 101. Kwa hiyo ufunguo wa kwanza ni 101 mara 113, wa pili ni 101 mara 127. Mistari mitatu na zote mbili zimekwisha. Namba zikiwa na tarakimu 617 kila moja, laptopu yako itaimaliza hesabu hiyohiyo kabla hujainua kidole kwenye kitufe.

Mwaka 2012 Nadia Heninger na wenzake walizikusanya funguo za umma kutoka intaneti nzima, wakazipitisha kwenye hesabu hiyo kwa mpangilio wa haraka zaidi, wakazipata funguo za siri za asilimia 0.5 ya seva za TLS, ule usimbaji unaolinda tovuti, walizozikuta. Nyingi zilikuwa kwenye vifaa vidogo kama ruta, vinavyotengeneza ufunguo vikiwa ndiyo kwanza vinaamka. Hakuna aliyeivunja RSA. Swali lao, la vifaa vya bei nafuu kupata wapi ubahatishaji, bado lina wateja, kwa sababu vifaa hivyo vinazidi kumwagika madukani. Ndiyo maana pia Taasisi ya Viwango ya Marekani, NIST, iliendesha mashindano ya usimbaji mwepesi kwa ajili ya vifaa vyenye prosesa dhaifu, na mwaka 2023 ikauchagua mfumo uitwao Ascon.

Wa pili ni kwantamu, na hapa wenzako wanaukimbilia mlango ambao sio. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwantamu yenye uwezo wa kutosha ingeichanganua namba ya RSA kwa urahisi. Kompyuta hiyo bado haipo. Haraka ya nini basi? Ni kama mfanyabiashara wa mahindi pale Kibaigwa: ananunua msimu wa mavuno, anajaza kihenge, anasubiri. Anayerekodi leo mawasiliano yako yaliyosimbwa hana haja ya kuyasoma leo. Atayaweka, siku ufunguo ukipatikana atafungua. Ujumbe wa "nipo njiani" hauna bei siku hiyo. Rekodi ya ugonjwa wa mtoto aliyezaliwa mwaka huu bado itakuwa nayo.

Kwa hiyo NIST ilianza mwaka 2016 mchakato wa kutafuta usimbaji ambao kwantamu haitauvunja, na Agosti 2024 ikatoa viwango vitatu vya kwanza, viwili kati yake ni ML-KEM ya kubadilishana funguo na ML-DSA ya saini. Machi 2025 ikaongeza chaguo la akiba, HQC. Njiani baadhi ya wagombea walianguka vibaya. Mmoja aliitwa SIKE. Alifika hadi raundi ya nne, watu wanampenda kwa sababu funguo zake zilikuwa fupi. Mwaka 2022 Wouter Castryck na Thomas Decru kutoka Ubelgiji wakamvunja kwa kiini kimoja cha prosesa ya kawaida, saa moja hivi, wakitumia nadharia ya hisabati iliyokuwa imechapishwa tangu 1997. Nakusimulia haya ili usije ukaniletea tasnifu ya "algorithimu mpya ya usimbaji". Kila mwaka napokea moja au mbili. Waliobobea kwa miaka wanaanguka hadharani. Sisi wa wikiendi tuwaachie.

Kazi iliyobaki, na ni nyingi, ni ya kuhama. Na kuhama kwa funguo Mtanzania wa kawaida amekufanya kwa vidole vyake. Unakumbuka 2024, ulinunua umeme wa LUKU ukapewa makundi matatu ya tarakimu 20? Kundi la kwanza na la pili hayakuwa umeme. Yalikuwa yanabadilisha ufunguo ndani ya mita yako, la tatu ndilo lilikuwa na yuniti. Sababu yake ni ndogo kiasi cha kuchekesha. Tokeni za mita za aina hii duniani kote hubeba muda, unaohesabiwa kwa dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, na sehemu iliyotengwa kuuandikia ina biti 24 tu. Biti 24 zinatosha dakika milioni 16.7, ambayo ni kama miaka 32. Zikaishia tarehe 24 Novemba 2024. Waliopanga mwaka 1993 waliona 2024 iko mbali. Mita zikawa ukutani nchi nzima, nyingine vijijini ambako mwenye nyumba yuko shambani, na njia ya kuzifikia ikawa ni bibi kubonyeza tarakimu 60 bila kukosea, miwani akiwa ameisahau kwa jirani.

Huo ndio utafiti wa kuhama kwa funguo, na dunia nzima inauhangaikia sasa kwa seva, kadi za benki, pasipoti na magari. Utaujuaje usimbaji uliopo ndani ya ofisi yako uko wapi na wapi? Mfumo gani unaweza kubadilishiwa ufunguo kwa mbali na upi mpaka mtu aende na bisibisi? Tasnifu inayofanya sensa ya usimbaji katika taasisi moja, kwa uaminifu, mfumo kwa mfumo, ningeisoma kwa hamu kuliko blokcheini kumi.

Upande wa mtandao kuna jaribio linaloitaka Dodoma hasa. Mfumo wa zamani wa kubadilishana funguo unaotumika sana, X25519, hutuma ufunguo wa baiti 32. ML-KEM-768 inatuma baiti 1,184. Kwenye saini pengo ni kubwa zaidi: Ed25519 ni baiti 64, ML-DSA-65 ni baiti 3,309. Pakiti ya kawaida ya mtandao haizidi baiti 1,500. Kivinjari chako cha Chrome, tangu 2024, kinatuma X25519 na ML-KEM-768 kwa pamoja katika salamu ya kwanza ya TLS, yaani baiti 1,216 za funguo peke yake kabla ya mengine. Salamu iliyokuwa ikitosha pakiti moja sasa inadai mbili. Fungua Wireshark, programu ya kutazama pakiti, ingia kwenye tovuti kubwa yoyote, utaziona. Vifaa vingine vya katikati viliandikwa na mtu aliyeamini salamu ni pakiti moja daima, vikiona ya pili vinachanganyikiwa na muunganisho unakufa.

Mtu aliyeko London hatagundua tofauti. Je, aliye Kondoa ndanindani, laini inayumba kati ya 4G na 3G, pakiti zinadondoka mchana jua likiwa kali na watu wote wako WhatsApp? Kodi seva moja ndogo, weka toleo lenye ML-KEM na lisilo nayo, pima muda wa salamu mara elfu kwa kila laini, Mpwapwa, Bahi, Kondoa, mjini. Pande zote mbili ni zako, huingilii mfumo wa mtu, na bando linatosha kwa sababu unatuma salamu tu. Matokeo yoyote utakayopata ni matokeo. Hata ukikuta hakuna tofauti, umeandika jambo lisilojulikana.

Nimekaa sana hapo kwa sababu napapenda. Lakini swali lako lilinirudisha kwenye neno moja: halmashauri. Tuje kwenye faragha.

Miaka kadhaa iliyopita taasisi moja iliniletea jedwali la wateja, ikitaka niwachambulie mwenendo wa malipo. Waliniambia kwa fahari kwamba namba za simu "zimefichwa": kila moja wameipitisha kwenye SHA-256, ikatoka heshi ya herufi na tarakimu 64 isiyorudi nyuma. Ni kweli hairudi nyuma. Lakini namba ya simu ya Tanzania, ukiondoa 255, ina tarakimu tisa na huanza na 6 au 7. Jumla ya namba zinazowezekana haizidi milioni 200. Nikaandika mistari kumi na miwili ya Python inayohesabu heshi ya kila namba kuanzia mwanzo hadi mwisho na kulinganisha. Nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi jedwali lilikuwa limevuliwa nguo, namba zote wazi, na ya kwangu mimi mwenyewe ilikuwemo. Nilikuwa na deni la miezi miwili.

Wengi hukimbilia kusema basi tutumie namba ya NIDA, maana ina tarakimu 20. Tarakimu 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Atakayekutakia heri ya siku ya kuzaliwa kwenye stetasi yake ameshakupunguzia kazi. Njia ya kweli ni heshi yenye ufunguo wa siri unaotunzwa mbali na data, na hata hiyo haizuii mtu kumfuata mteja mmoja kutoka mwezi hadi mwezi. Unakumbuka utafiti wa Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake, 2013? Walichukua data ya simu ya watu milioni 1.5, bila majina. Mahali panne tu alipoonekana mtu, kila pamoja na saa yake, palitosha kumtenga na wengine kwa asilimia 95. Fikiria mtumishi anayelala Nkuhungu, saa moja na nusu asubuhi yuko Mtumba, Ijumaa jioni yuko Kongwa, Jumapili saa tatu yuko kanisa fulani. Jina la nini tena?

Sasa fikiria jedwali linalotoka ofisini kwako. Halina mtu hata mmoja, ni hesabu tupu. Zahanati ya kijiji fulani, mwezi Machi, watu 41 kwenye dawa za kudumu. Aprili, watu 42. Kijijini kila mtu anajua ni nani alihamia mwezi wa nne. Jedwali limemtaja bila kumtaja. Na ukilipeleka jedwali hilo kwa wafadhili, likawekwa kwenye tovuti, umelitoa milele.

Dawa ya ugonjwa huu ilitolewa mwaka 2006 na Cynthia Dwork, Frank McSherry, Kobbi Nissim na Adam Smith. Kwa Kiingereza huitwa differential privacy, kwa Kiswahili changu ni kelele ya makusudi: kabla hujaitoa hesabu, unaiongezea au kuipunguzia namba ya bahati nasibu, iliyopimwa kiasi kwamba jedwali linaonekana karibu sawa iwe mtu yule alikuwemo au hakuwemo. Marekani waliitumia kwenye sensa yao ya 2020 na ugomvi wake haujaisha. Kipimo chake huitwa epsiloni. Ukiweka epsiloni 1, hesabu itapotoka kwa wastani mtu mmoja hivi. Ukiweka 0.1, watu kumi. Sensa yetu ya 2022 iliukuta Mkoa wa Dodoma na watu 3,085,625. Ongeza au punguza kumi hapo, hakuna atakayeumia. Weka kumi kwenye 42 za zahanati, mganga anaagiza dawa pungufu na mtu anarudi nyumbani mikono mitupu. Na hiyo ni mara moja. Kila mwezi unapotoa jedwali jipya unakula akiba ileile ya faragha, mpaka Desemba umeila mara kumi na mbili.

Karibu kila utafiti unaousoma juu ya hili umefanywa kwenye data ya mamilioni. Vijiji vidogo, majedwali ya kila mwezi, maamuzi yanayotegemea tofauti ya watu watano: hapo ndipo njia hii inapumua kwa shida, na hapo ndipo unapofanyia kazi wewe. Kwa mkono wangu ningekuandikia hii.

Mengine niyapitie haraka, usije ukadhani nimeyasahau.

Kukokotoa juu ya data iliyosimbwa bila kuifungua: Craig Gentry alionyesha mwaka 2009 kwamba inawezekana, na tangu hapo mbio ni za kuiongezea kasi. Ni nzuri sana, ila RAM ya GB 8 itakutoa machozi. Ndugu yake mwepesi ni ukokotoaji wa pamoja, ambapo wafanyabiashara watatu wanaweza kupata jumla ya mauzo yao bila yeyote kumwonyesha mwenzake daftari. Hiyo laptopu yako inaiweza, ukimpata mtu mwenye shida ya kweli ya namna hiyo. Uthibitisho usiofichua siri ulianza 1985 na leo unatafitiwa kwa vitambulisho: kuthibitisha kwamba umepita miaka 18 bila kuonyesha tarehe ya kuzaliwa. Blokcheini... waache wenzako. Nikiuliza "kwa nini hifadhidata ya kawaida yenye saini isitoshe?" ukumbi huwa unanyamaza.

Kwenye mitandao, utafiti wa njia za pakiti bado ni mbichi. Februari 2008 kampuni ya simu ya Pakistan ilitaka kuizuia YouTube nchini mwake, kwa bahati mbaya ikaitangazia dunia kwamba njia ya kwenda YouTube inapita kwake, na kwa takriban saa mbili dunia ikaiamini. Tiba yake, RPKI, ni kutia saini tangazo la anuani za mtandao, na rekodi zake ziko wazi kwa kila mtu. Ni kampuni ngapi za hapa zimetia saini, na ni ngapi zinakagua saini za wengine? Hilo swali lina jibu linalohesabika.

Akili unde ya kugundua mashambulizi nina neno nayo. Kila msimu naletewa mfumo wenye usahihi wa asilimia 99, nikiuliza data naambiwa NSL-KDD. Chimbuko la data hiyo ni trafiki ya kuigiza iliyotengenezwa Marekani mwaka 1998, kabla chuo chako hakijachimbwa msingi. Kujisifu kuzigundua hizo ni kama kumkamata mwizi aliyeshamaliza kifungo. Ukitaka akili unde, nenda kwenye ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja...". Hiyo ni lugha yetu, wizi wetu, na matapeli wanabadilisha maneno kila wanapozuiwa. Wananchi wanazipeleka 15040. Wewe unaweza kukusanya zilizofika kwenye simu za watu kwa ridhaa yao, ukiondoa namba kwanza, na sasa unajua kwamba kuipitisha kwenye heshi sio kuondoa.

Tukubaliane basi. Chaguo langu kwako ni kelele kwenye majedwali madogo, na la akiba ni kupima salamu za TLS vijijini. Kabla hujaanza, jambo moja nalisema kwa ukali kidogo: data iliyoko kwenye kompyuta yako ya ofisini sio ya tasnifu yako. Umeaminiwa nayo kwa kazi nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya imeziweka kwenye kundi nyeti. Nywila unayo, ruhusa huna. Kuna kijana nilimsimamia aliyekuja na flashi yenye majina ya wagonjwa "ili tuokoe muda". Tulipoteza miezi minne.

Na huihitaji. Tengeneza kijiji cha kubuni. Majedwali ya sensa ya 2022 yako wazi, yatakupa uwiano wa umri na jinsi. Jaza kaya 400, zipe magonjwa, zihamishe, zizalishe, kwa miezi 24. Faida yake ni kwamba wewe unaujua ukweli wote, hivyo unaweza kujishambulia mwenyewe na kuhesabu ni watu wangapi umewapata. Anza na jedwali lisilo na kelele, uone linavyovuja. Kisha ongeza kelele kidogo kidogo.

Barua kwa Mkurugenzi andika wiki hii, maana itazunguka. Usiombe data. Omba nakala tupu ya fomu za kila mwezi, na ruhusa ya kukaa na Mganga Mkuu wa Wilaya saa mbili. Ukishakaa naye mwulize hesabu gani ikikosewa kwa watu watano anaweza kuivumilia, na ipi ikikosewa kwa watu wawili itamharibia oda ya Bohari ya Dawa. Nenda na fomu zenyewe, mwambie hizo za pili azizungushie kwa kalamu nyekundu. Zile alizozungushia nyekundu niletee, tuanze kuhesabu epsiloni kutokea hapo.